Biddy Haendi Uwanjani

Asubuhi ya safari, Malachy Tuohy alimwandaa mbwa wake Biddy kama siku ya mashindano. Hakumpa chakula wala maji. Alimvalisha kikapu cha mdomoni, kile cha kuzuia mbwa wasing'atane, akamwingiza kwenye sanduku la kumpelekea uwanjani.

Wafugaji wengi wa mbwa wa mbio hapa Tipperary, ng'ambo ya bahari kutoka Uingereza, ndivyo walivyozoea. Mbwa mwenye tumbo jepesi hukimbia vizuri. Lakini Biddy alikuwa ameuzwa Uingereza. Alikuwa na safari ya kutwa nzima, barabarani na melini.

Mke wa Malachy, Assumpta, alikuwa amesimama mlangoni na chai yake. Ndiye aliyemlea Biddy kwa chupa, mama yake mbwa alipokosa maziwa.

"Malachy, mpe hata maji kidogo."

"Akojoe sandukuni? Niache bwana! Nimefuga mbwa tangu sijaota ndevu."

Jirani yao Dympna Looby, daktari wa mifugo, alifika kumkagua Biddy na kutia saini cheti chake cha safari. Chipu ya utambulisho ya shingoni ilisomeka kwenye mashine yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa sawa. Kisha akalitazama vizuri lile sanduku.

"Unampeleka uwanjani, Malachy?"

"Acha utani. Meli haingoji."

"Basi mvue hicho kikapu. Meli ikiyumba, mbwa hutapika. Akitapika na hicho mdomoni atapaliwa, na hakuna wa kumsaidia."

"Sijawahi kupoteza mbwa mimi!"

"Uwanjani si mbali. Huku ni kutwa nzima."

Assumpta aliweka kikombe chini. "Anaweza kufa?"

"Anaweza, dada."

Assumpta alipiga magoti, akafungua sanduku, akamvua Biddy kikapu. Hakumwomba mtu ruhusa.

"Sheria haina maneno mengi," Dympna alisema. "Mbwa asimame bila kuinama. Ageuke. Alale amejinyoosha. Apewe maji njiani, na chakula chepesi mapema kabla ya kuondoka. Asipewe dawa ya kumtuliza ila daktari akiagiza. Na asafirishwe na mtu mwenye kibali."

"Na nikimpeleka hivi hivi?"

"Sitii saini."

Malachy alichungulia sandukuni. Mgongo wa Biddy uligusa paa, na kichwa alikuwa amekiinamisha. Jamani, amesafiri humo mara ngapi huyu mbwa?

"Mnunuzi atanuna," alisema kwa sauti ndogo.

"Anune. Ukimpelekea mzoga atafanyaje?"

Safari ikaahirishwa. Wiki iliyofuata msafirishaji mwenye kibali alileta kizimba kikubwa, chenye majani makavu na bakuli la maji. Biddy alizunguka mara moja, akalala. Assumpta alilia, hakujificha.

Kesho yake mnunuzi alipiga simu. Biddy alikuwa mzima. Alikuwa amekula, na sasa alikuwa amelala kwenye kochi.

"Kwenye kochi!" Malachy aling'aka. "Mbwa wa mbio!"

Assumpta alitoka nje, akafungua banda la mama yake Biddy, akamleta jikoni karibu na jiko la moto.

Malachy alimtazama yule mbwa mzee. Kisha akasogeza kiti chake ampishe.