Sauti Safi ya Shija

Kisanifu, mashine ya kuandaa vijitabu vya miradi ya wanafunzi, kilimeza michoro yenye madoa ya chai, karatasi zilizokunjamana na maelezo ya mdomo yaliyojaa "eeh" na "yaani", kisha kikatoa kijitabu kilichonyooka kuanzia jalada hadi shukrani. Kurasa zake zilifunikwa kwa utandosauti, ngozi nyembamba iliyozungumza ukiigusa. Ukigusa mchoro wa pampu, mwenye pampu anakueleza kwa sauti yake mwenyewe. Siku ya maonyesho ya miradi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Shinyanga, wageni waligusa na kushangaa, na Mhandisi Nyamizi Kasubi, mwalimu wa chuo aliyekibuni kisanifu hicho, akavimba kichwa. Nani asingevimba?

Mama Shija hakuja kushangaa. Mwanawe alikufa kwa homa ya uti wa mgongo mara tu baada ya kukamilisha mtambo wake wa kukamua maji hewani. Nyamizi alimpa pole, akamkabidhi kijitabu kwa mikono miwili.

"Sauti yake imo humu, mama."

"Ndiyo iliyonileta, mwalimu. Simu hakupiga, alikuwa akiandika ujumbe tu. Sina sauti yake popote."

Akagusa ukurasa wa shukrani. "Namshukuru mama yangu kwa uvumilivu wake," sauti ikasema, laini, bila kukwama hata mara moja.

Mama Shija akagusa tena. Uso ukambadilika.

"Huyu nani?"

"Ni Shija, mama."

"Shija yupi? Mwanangu alikuwa na kigugumizi."

Nyamizi akaeleza kwa upole kwamba kisanifu huiga sauti ya mwenyewe, kisha husafisha: hunyoosha mistari ya michoro, huondoa kukohoa, huondoa na kigugumizi. "Alifurahi, mama. Alijisikiliza mpaka wenzake wakamtania kwamba sasa akagombee ubunge."

"Alifurahi?" Mama Shija akacheka kidogo, machozi yakimtoka. "Masikini mwanangu. Basi nipe mimi ile chafu."

Jamani, hapo ndipo Nyamizi alipokumbuka agizo lake. Zamani wanafunzi walikuwa wakiiba rasimu za wenzao, pamoja na sauti zisizosafishwa, na kwenda kuzichekea bwenini. Akawahurumia walioibiwa, akakiamuru kisanifu kifute kila rasimu mara kijitabu kinapotoka. Wote walimshukuru.

"Imefutwa, mama."

"Yote?"

"Yote. Nisamehe."

Mama Shija akavuta kiti. Akaketi mbele ya kisanifu.

"Si kinaiga watu? Nitakifundisha. Mimi ndiye niliyemsikiliza miaka yote hiyo."

Nyamizi hakuwa na moyo wa kumkatalia. Akafungua faili la Shija, lililobaki na ile sauti safi tu, akamsogezea kipaza sauti.

"Akifika mlangoni alikuwa anasema hivi," mama akasema, akafumba macho. "Ma... ma-ma... mama, ni-ni-nimerudi."

Kisanifu kikasikiliza kwa utii. Kikatoa sauti ya Shija, tulivu, iliyonyooka:

"Mama, nimerudi."

"Hapana, baba," mama akasema taratibu. "Ma... ma-ma..."

"Mama, nimerudi."

Nyamizi hakuweza kuvumilia, akanyoosha mkono kwenye swichi. Mama Shija akaudaka.

"Usizime, mwalimu. Kuna pale kwenye 'nimerudi', alikuwa anakawia zaidi. Labda sikufanya vizuri."

Akafumba macho, akaanza upya.