Fito za Pengo

“Elfu thelathini? Kwa mzigo wa kuni? Shemeji, umekula nini leo?”

Fundi Pilipili aliusukuma mzigo kwa kidole cha mguu, kama anayeamsha mbwa mvivu. Kaka wa mke wake alisimama mlangoni mwa karakana, kanuna.

“Si kuni. Ni mkole, mti wa mishale. Tazama kwanza, ndipo utukane.”

“Mara ya mwisho uliniletea mwanzi ukaapa ni mkole. Ukampasukia mteja mkononi, nusura umtoboe jicho. Wewe mti unaujua ukishakuwa kiti!”

Lakini fundi alikuwa amebanwa. Mwindaji mmoja alitanguliza fedha, anataka mishale asubuhi, na fedha yenyewe ilishaliwa. Fito zilizobaki pembeni zilikuwa takataka tupu: hizi nyepesi kama mabua, upepo ungezichezea; zile zina vifundo kila shubiri. Akainama, akafungua mzigo, akachomoa ufito mmoja.

Akausogeza mwangani.

Ulinyooka kama uzi wa timazi. Akaupima uzito kiganjani, akaupinda, ukarudi wenyewe bila kinyongo. Akatazama ulipokatwa: moyo mdogo kama tundu la sindano. Na ubavuni mwake, vikovu. Kuna mtu aliyekuwa akikwanyua vichipukizi vya pembeni kwa ukucha, tangu ufito ukiwa mwembamba kama kidole cha mtoto. Fito za namna hii haziokotwi porini. Hulelewa.

“Umezikata kwa Pengo,” alisema.

Shemeji akatazama dari. “Pengo si kafa tangu masika?”

Pengo alikuwa fundi mwenzake, mzee mchoyo aliyekilinda kichaka chake kimoja cha mkole kama mtu anavyolinda mke mzuri. Hakumwuzia fundi yeyote hata ufito mmoja. Mafundi wote hunyoosha fito kwa kuzipasha moto na kuzing’ata. Yeye hakuwa na jino la mbele, hivyo kila mshale wake ulibaki na alama za meno mawili, na nafasi katikati. Pilipili alimdharau kwa uchoyo, akamdharau na kwa jino.

“Nakupa elfu kumi.”

“Ishirini.”

“Kumi na tano, uniondokee. Maiti hana shamba.”

Na huyo ndiye aliyekuwa akijipiga kifua mbele za watu kwamba hajawahi kula haki ya mtu! Unyofu wa namna hiyo ni mwavuli wa kuazima; mvua ikinyesha, mwenyewe keshauchukua.

Shemeji akachukua chake, akaenda zake. Pilipili akakaa, akakwangua. Maganda mabichi yalijikunja miguuni pake, naye akawa anayasukumia kwenye makaa. Moshi ukapanda, mzito, una harufu ya nywele zinazoungua.

Akatema mate. “Hata mti wake unanuka kama yeye.”

Jua lilikuwa linazama alipomaliza kukwangua ufito wa mwisho. Akaupasha makaani, akaupeleka mdomoni ili aung’ate.

Ulimi wake ukagusa kishimo.

Vishimo viwili. Na nafasi katikati…

Yeye alikuwa hajaung’ata bado.

Akachukua mwingine. Meno mawili, nafasi. Mwingine. Meno mawili, nafasi. Alama zilikuwa mpya, bado zina mate.

“Ujinga,” alisema kwa nguvu, lakini sauti ikamtoka nyembamba.

Kra… kra… kra…

Kitu kilikuwa kinakwaruza mlango. Taratibu. Kutoka juu kwenda chini, kama kisu kinachomenya.

“Nani?”

“Mwenye mti.”

Mlango ukasogea. Mzee aliinama kizingitini, uso wake umo gizani, kabana kwapani kitu kilichokunjwa mfano wa mkeka. Harufu ya udongo uliochimbuliwa iliingia kabla yake.

Pilipili akaitafuta hasira yake, maana ndiyo silaha pekee aliyowahi kuwa nayo. “Karakana imefungwa, mzee. Kama ni fito zako, hizo hapo, beba. Sina shida na vijiti vya maiti.”

“Umezikwangua.”

“Ndiyo kazi yenyewe!”

“Nilizilea na maganda yake.”

“Maganda yameungua. Unataka nifanyeje, niyashone?”

Yule mzee akacheka bila sauti. Pengo likaonekana, jeusi.

“Hata shemeji yako kasema hana,” alinong’ona. “Nimetoka kwake sasa hivi.”

Akakilaza kile kitu mezani, kwa utaratibu, kama mtu anayetandika kitanda. Kikajikunjua kidogo. Pilipili alidhani ni ganda la mti.

Lilikuwa na vinyweleo.

Na bado lilikuwa na joto.

Fundi akafungua kinywa atukane, tusi lolote lile, asipate hata moja. Akakipapasa kibweta cha fedha. “Nikulipe… thelathini? Chukua. Chukua zote, baba…”

Mzee hakutazama fedha. Alikuwa akiokota fito mmoja mmoja, akizipapasa ubavuni kwa ukucha, kama mtu anayetuliza mtoto. Alipouokota wa mwisho, akanyoosha ule ukucha, akauweka nyuma ya sikio la fundi, pale ngozi inapoanzia kulegea.

“Pesa kamrudishie mwindaji,” alisema. “Mimi nipe maganda yangu.”