Mtoto wa Mbao Aliyenyonya

Sista Diemut alipomnyanyua Mtoto Yesu wa mbao ili ambadilishe nguo, aliona mdomo wake umelowa. Akaufuta kwa upindo wa shela. Ukalowa tena. Alipovinusa vidole vyake vilinuka maziwa yaliyochacha, katika nyumba ya watawa ambamo hakuna mwanamke aliyewahi kuzaa.

Siku hizo hapakuwa na wa kumwambia. Kila Majilio masista walimtoa mtoto huyo kabatini, wakamlaza katika kitanda chake kidogo cha kubembea na kupokezana kumwimbia mpaka Krismasi ipite. Desturi hiyo haikuwahi kumdhuru mtu. Lakini mwaka huu mtoto alimfumbulia macho Guta, mdogo wake Diemut wa tumbo moja, akamwomba ziwa. Guta alipolisimulia ono hilo, nyumba nzima ililia kwa furaha. Mama Mkuu Luitgard akamruhusu asihudhurie sala, akae tu na Mtoto wake. Habari zikavuka mto Rhine. Wanawake wa mjini wakaja wakikanyaga theluji ili wambusu Guta mikono, na Mama Mkuu akawa anazichana nguo za yule mtoto wa mbao vipande vipande na kuwagawia, wawafunge wachanga wao mkononi kama baraka.

Na Guta alikuwa anakwisha. Wote waliliona hilo wakaliita neema, na ndilo lililomuudhi Diemut mpaka akawa anaupiga ngumi unga wa mikate kule kwenye tanuri. Msichana aliyekuwa akicheka mpaka anakaripiwa amebaki mifupa na midomo myeupe, na wao wanaimba!

Siku hiyo ya mdomo uliolowa akamfuata Guta chumbani. Guta alikuwa amelala, mtoto kifuani mwake chini ya blanketi, na kengele ya sala ya adhuhuri ikaanza kulia. Katika nyumba ile kila sista alifundishwa hivi tangu siku ya kwanza: kengele ikilia, Mtoto wa kweli humwachilia mtawa aende, kwa kuwa utii humpendeza kuliko kubembelezwa.

"Guta, kengele hiyo. Mlaze, twende."

"Siwezi, dada," Guta akanong'ona. "Nikitaka kuinuka ananing'ata."

"Mbao inang'ataje?"

"Sema polepole. Anasikia."

Diemut akaenda moja kwa moja kwa Mama Mkuu, wala hakupiga magoti, akamweleza yote. Mama Mkuu alimsikiliza huku mkasi wake ukiendelea kukata kitambaa.

"Una wivu, Diemut," akasema. "Mbingu imemchagua mdogo wako, wewe imekuachia unga. Rudi kwenye mikate yako."

"Guta akifa, Mama, utakuwa umemuua wewe."

Alirudi chumbani kwa Guta kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomsaidia, kwa sababu alipolivuta blanketi alimkuta mtoto amegeuza shingo yake ya mbao na kumkodolea macho, mdomo mwekundu, na alipomshika kiunoni alikuwa mzito kama gunia la unga uliolowa, ana joto, tumbo linapanda na kushuka, naye Diemut akavuta, Guta akalia, akavuta tena huku akisema kwa meno yaliyobanana, "Kwa jina la huyo unayejifanya ndiye, toka," mpaka likabanduka lile jini, akalikumbatia na kukimbia nalo ukumbini mpaka jikoni, likimkwaruza shingo, akalisukumia ndani ya tanuri na kuufunga mlango kwa mgongo wake. Hapo ndipo lilipomwita kutoka motoni, kwa sauti ya Guta yenyewe.

"Dada, naungua. Dada, nifungulie."

Diemut alilia, akalilaani, hakufungua. Sauti ilipokatika jiko zima lilinuka maziwa yaliyoungua.

Jioni Guta alikunywa supu ya dengu akaomba nyingine. Diemut alimshika miguu iliyoanza kupata joto, akamshukuru Mungu, lakini katika nyumba ile hakumsamehe mtu.

Asubuhi lango lilibishwa. Alikuwa mke wa fundi mapipa, amembeba mchanga wake mkononi. Kitambaa cha baraka kilikuwa kimefungwa kwenye kifundo cha mkono wa mtoto, na gauni la mama lilikuwa na damu kifuani.

"Sista, huyu hata shingo hajakaza," akasema kwa sauti ndogo. "Jana adhuhuri aliota meno yote."

Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanapanda njia kutoka mjini, kila mmoja na wake mikononi, na hakuna mchanga hata mmoja aliyekuwa akilia.

 Diemut alikwenda kumtoa Mama Mkuu chumbani kwake, akamvuta kwa mkono wa vazi mpaka langoni, mkasi ungali vidoleni.

"Wametafuta baraka kwako, Mama," akamwambia. "Wapokee."

Mke wa fundi mapipa, hoi kwa uchovu, akamkabidhi mtoto. Mama Mkuu alimpokea bila kutaka. Yule mchanga akainua shingo yake, akamtazama usoni, kisha akaanza kupapasa vazi lake jeusi, akitafuta ziwa.