Unga wa Kwanza Una Mwenyewe

Mashine ya mtaani iliharibika, ikabidi mke wa dereva arudie jiwe la kusagia la mama mkwe wake. Jiwe lenyewe limechakaa, linateleza tu, mahindi yanakimbia huku na huku. Mume yuko safarini na lori lake. Wa kumsaidia nani? Akachukua nyundo na patasi, akalichonga upya kutwa nzima, mpaka mabega yakamwambia basi.

"Ukishachonga, unga wa kwanza umwage nje," mama mkwe alimkumbusha kutoka chumbani. "Ule una mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Ndiyo ya mdomoni. Asiyesikia la mkuu, mnajua wenyewe linalompata. Lakini jamani, alichoka! Mtoto analia njaa, na kusaga tena kulitaka mikono asiyokuwa nayo. Akapika uji kwa unga ule ule, akaonja kama umepoa, akamlisha mwanawe.

Mchana wa kesho yake, mtoto akiwa amelala, alisikia jiwe linasaga. Krr. Krr. Akatoka uani, jiwe limekaa peke yake juani. Sauti ilikuwa inatoka ndani. Akarudi taratibu, harufu ya mawe yaliyogongana ikimjaa puani, na kadiri alivyosogelea kitanda ndivyo sauti ilivyozidi, mpaka akainama na kuona taya la mwanawe likizunguka, vijino vya maziwa vikisagana, na vumbi jeupe likimtoka pembeni mwa midomo na kutanda kwenye mto.

"Mama! Njoo, mwanangu anaisha!"

Mama mkwe alitazama mara moja tu. "Ulimlisha wa kwanza."

"Nilichoka, mama."

"Jini halijui kuchoka kwako. Nani mwingine kala?"

"Huyu tu. Haki ya Mungu, huyu tu."

"Basi kasage. Usipumzike."

Akasaga huku analia, mama mkwe akiumwaga unga wote nje ya mlango na kunong'ona, "Chako hicho. Tuachie mtoto." Akasaga, ukamwagwa, akasaga tena, hadi taya likatulia. Mtoto akafumbua macho, akalilia maji. Alhamdulillahi! Mama yake akajilaza kando yake, hana hata nguvu ya kufurahi.

Usingizi ulikuwa umeanza kumchukua, mama mkwe akamtikisa bega.

"Mwanangu," alinong'ona, "uji ule uliuonja?"

Alitaka kujibu. Kinywa kilikuwa kimejaa unga.