Kitambaa Kati ya Magitaa Mawili

Kila alasiri, akishavua sare ya shule na kuosha vyombo, Chiriku alikwenda kwenye karakana ya mjomba wake, fundi makochi. Alipukuta mabaki ya sponji kwenye kochi bovu, akaketi na kupakata gitaa. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Jumamosi hiyo yeye na mjomba, kila mmoja na gitaa lake, wangempigia wimbo wa bluzi nesi aliyemuuguza mama yake mpaka mapafu yakapona. Nesi alikuwa anahamishwa. Mama mwenyewe ndiye angeimba. Shukrani ile hakutaka kumwachia mtu mwingine.

“Umeshaijua?” mjomba aliuliza.

“Mjomba, nimeimeza nzima nzima!”

Mjomba alichukua kitambaa cha kochi, akakitundika kwenye kamba katikati yao. “Haya, piga.”

Hata nusu ya ubeti haikufika, Chiriku akapotea. Siku zote alikuwa akichungulia vidole vya mjomba na kuviiga.

“Chiriku amenyamaza? Leo mvua itanyesha mawe!” mjomba alitania.

Uso ulimwiva. “Siijui, Mjomba. Nilikuwa nakuchungulia.”

“Ahsante kwa kusema, mwanangu. Sasa tunaweza kuanza.” Mjomba aliongea kutoka nyuma ya kitambaa. “Kodi zetu, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, ni tatu tu: ya kwanza, ya nne na ya tano kwenye ngazi ya muziki. Ubeti una vipimo kumi na viwili, kila kimoja mapigo manne. Vinne vya mwanzo kaa kwenye ya kwanza. Viwili nenda ya nne, viwili rudi. Halafu ya tano kimoja, ya nne kimoja, umalizie viwili kwenye ya kwanza.”

“Mbona jana kipimo cha pili ulikwenda ya nne?”

“Lo, kumbe masikio unayo! Wengine huionja ya nne mapema, kisha hurudi. Na kipimo cha mwisho ukipiga ya tano, unamwita mwimbaji aanze upya. Mwingine hurudia vipimo vinne vya mwisho. Msikilize mwimbaji, atakuonyesha anachotaka.”

Kitambaa hakikuondolewa mpaka Ijumaa.

Jumamosi, kwenye kibaraza cha zahanati, mama aliimba beti mbili safi kabisa. Ubeti wa tatu ulipokaribia kwisha, Chiriku akasikia pumzi ya mama ikikatika. Bado ubeti mmoja, ule wenye jina la nesi! Chiriku hakuita ubeti mpya. Alirudia vipimo vinne vya mwisho: akarudi kwenye ya tano, akashuka ya nne, akatua taratibu kwenye ya kwanza. Mjomba akamfuata. Mama akavuta pumzi, akaitikia kwa kichwa kwamba yuko tayari. Ndipo Chiriku akapiga ile ya tano ya kumwita, na jina la nesi likatoka zima. Nesi alijifuta macho kwa mkono wa sare yake.

“Ahsante, mwanangu,” mama alisema baadaye, akimkumbatia. “Umenipa pa kupumulia.”

Mjomba akacheka. “Angekuwa bado anachungulia vidole vyangu, pumzi yako asingeisikia. Siku aliposema ‘siijui’, ndiyo siku aliyoanza kujua.”

Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza likatoka neno moja tu.

“Ahsante.”