Marubani Sita Wasiokuwepo

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Chiriku alikunywa maji bombani, akakaza mkoba begani na kushika njia ya kiwanja kidogo cha ndege. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na wiki ile mdomo ulikuwa na kazi. Klabu ya sayansi ilikuwa inafanya utafiti: je, watu wa kiwanjani wanafahamu kinachotokea karibu yao, na kinachoweza kufuata? Mwezi uliopita trekta la mizigo nusura ligongane na ndege, na meneja wa kiwanja alikuwa anasubiri majibu yao.

Chiriku alipewa madodoso kumi, karatasi za maswali ya kuwauliza watu, binamu yake Bingwa naye kumi. Siku tatu Chiriku alisimama getini juani, akiwabembeleza madereva na wajaza mafuta. Bingwa hakutia mguu. Jumatano jioni Chiriku alimkuta nyumbani kwa shangazi, kalamu tatu za rangi tofauti mezani, anajaza madodoso mbio mbio.

"Wee! Unafanya nini?"

"Namaliza kazi. Nani atajua?" Bingwa akacheka. "Usinichome, ndugu yangu."

Damu ilimchemka Chiriku, lakini akaimeza hasira yake. Hakutaka kuitwa mmbea.

Ijumaa, mwalimu wa sayansi aliyewasimamia alisoma karatasi moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye za Bingwa, alivua miwani.

"Hawa kumi wote ni marubani?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kiwanja kile kina marubani wanne. Hawa sita wengine wameanguka kutoka mawinguni?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alipiga meza kwa kiganja, kicheko kikakatika.

"Mnacheka nini? Swali la tano linauliza kama taa nyekundu ya kuwasimamisha madereva kabla ya kuvuka njia ya ndege inaonekana vizuri. Wote kumi wanasema inaonekana! Ningempelekea meneja uongo huu, angeiacha taa ilivyo. Halafu?"

Chiriku alihisi masikio yanawaka moto. Katika karatasi zake mwenyewe, dereva wa trekta la mizigo alikuwa amejibu: *Alasiri jua hunipiga machoni, taa siioni kabisa.* Dereva huyo alikuwa baba yake.

Akasimama bila kuruhusiwa. "Bingwa, baba anapita pale kila siku! Mjomba wako! Unachezea maisha yake kwa kalamu?"

Bingwa aliinamisha kichwa. "Sikufikiria..."

"Hukufikiria! Nilikuona Jumatano ukijaza, nikadhani..." Chiriku akajikwaa kwenye maneno yake mwenyewe.

Mwalimu aligeuka polepole. "Ulimwona Jumatano?"

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

"Mdomo huo unaotusumbua mwaka mzima," Mwalimu alisema kwa ghadhabu, "siku ulipohitajika, ukaufunga!"

Maneno yale yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Usiku wote wa Jumatano alikuwa amemkasirikia Bingwa. Sasa alijikasirikia mwenyewe zaidi.

Jumamosi Mwalimu aliwapeleka wote wawili kiwanjani yeye mwenyewe, uso umekunjwa njia nzima. Bingwa aliuliza, Chiriku aliandika, na hakuna aliyethubutu kulalamikia jua. Waliwapata marubani wote wanne, pamoja na madereva sita wa zamu nyingine. Madereva watano walisema lile lile: kuanzia saa tisa alasiri, taa haionekani. Hata rubani mmoja alikiri kwamba mara mbili aliona trekta likivuka mbele yake, akadhani dereva ni mkaidi.

Meneja aliyasoma majibu, akampigia simu fundi palepale. Wiki iliyofuata taa ilihamishiwa upande wa kivuli na kufungiwa kofia ya bati. Baba yake Chiriku alisema sasa anaiona toka mbali.

Bingwa alimwendea, akaomba radhi. "Nisamehe, mjomba." Baba akampa mkono.

Mwalimu hakuwapigia makofi. Aliwarudishia zile karatasi kumi za uongo.

"Zichaneni," alisema. "Dodoso tupu lina heshima yake. Linasema hatujui, basi twende tukaulize. La uongo linasema tunajua, na watu wanaacha kutazama. Na anayeuona uongo akanyamaza, ameshika kalamu pamoja na mwongo."

Wakazichana, wote wawili.