Ubao Usio na Jina

Jumamosi, tarehe 14 Machi, saa nne kasoro robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka pasipo upepo. Kibarazani, mchora mabango alikuwa akipiga msasa ubao mdogo aliomwahidi binti yake: akifaulu mtihani, jina lake lingechorwa kwa rangi ya dhahabu na kutundikwa mlangoni mwa chumba chake. Binti alikuwa amefaulu. Deni lilikuwa limeiva.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, alitoka na simu mkononi.

"Baba watoto, hebu soma."

Katika jukwaa la wazazi mtandaoni, kwa jina la kupanga la Ua la Jangwani, mkewe alikuwa ameeleza jinsi bintiye wa miaka kumi na mitatu alivyokuwa bado akikojoa kitandani, na jinsi daktari alivyomsaidia hadi sasa anaamka shuka likiwa kavu. Wazazi walimmiminia shukrani. Kila mmoja alikuwa amedhani yuko peke yake.

"Yaani uandike wewe, sifa ale Ua?"

"Sifa za nini? Siri ni ya mtoto."

"Mimi sijawahi kutoa kazi isiyo na jina, mama."

"Basi hii si kazi yako," mkewe akacheka, akarudi jikoni.

Lakini fahari ilikwisha kumpanda mumewe kichwani. Yeye aliishi kwa kuyafanya majina ya watu yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Jina lililofichwa lilimwasha kama upupu. Akachukua simu yake, akaandika chini ya maelezo yale: "Hongera mke wangu! Huyu ndiye mshonaji wa sare, mkabala na kituo cha mafuta."

Nawauliza ninyi mnaosoma: ni mwanafunzi gani wa mtaa ule ambaye hakuvaa sare ya mama yule?

Jioni mkewe aliyaona maneno hayo, akafuta kila kitu. Yalikwisha kupigwa picha na kusambazwa. Jumatatu, binti alikuta nepi juu ya dawati lake. Jumanne hakutoka chumbani.

Baba alibisha mlango.

"Mwanangu, nimekosa. Nimekuletea ubao wako. Limebaki jina tu."

Mlango ulifunguka kidogo.

"Usiliandike, Baba."

"Ni deni langu kwako."

"Sitaki unilipe. Shule nzima imeshanisoma."

Mlango ukafungwa.

FUNZO

Jina la kupanga si woga wala uongo. Ni pazia la nyumba. Asimuliaye ya nyumbani mtandaoni alitumie, na afiche pia picha, kazi na mtaa wake. Nawe unayelijua jina halisi, lifungie kinywani, hata kama nia yako ni kusifu. Kumsifu mtu hadharani bila idhini yake kwaweza kuwa kumvua nguo, na hakuna kufuta kunakomvika tena.

Ubao ule ungali umeegemea ukuta wa kibaraza. Umesuguliwa ukalainika, na hauna hata herufi moja.